Maji ya Nyabugogo Yaliyosafishwa kwa Hesabu

Nyamirambo, Kigali
9 Agosti 1992

Mpendwa Mjomba Zephaniah,

Shikamoo. Hamjambo hapo Bukoba? Goti la Bibi linaendeleaje na baridi ya ziwa? Sisi huku tunapumua, ingawa habari za vita kaskazini hazituachi tulale vizuri. Mama hajambo, kifua kimemwachia.

Uliniuliza kazi yangu ya kupima mto. Mjomba, imenitia kinyaa. Si uchafu wenyewe, ule nimeuzoea. Chini ya bomba la majitaka la kiwanda cha ngozi Nyabugogo, mto unapoelekea, maji ni meusi, yana povu zito, na vipande vya nyama iliyooza vimenasa kwenye matete. Nikizamisha kipimo, hewa ndani ya maji karibu hakuna. Hapaishi hata chura.

Kinachonichefua ni mkubwa wetu, Léonce. Mwezi wa sita aliniamuru niache kuchota pale, nichote juu ya bomba, mto unakotokea, ambako maji yana nafuu. Eti njia ya chini ina utelezi. Vipimo hivyo ndivyo mwenzangu Bertrand alivyoviingiza kwenye kompyuta, akokotoe maji yatakuwaje kule mto wetu unakomwagikia mto mkubwa wa Nyabarongo. Kompyuta haina pua. Ikajibu kuwa ni mazuri, na wakubwa wakaamua kujenga pampu ya maji ya kunywa papo hapo mdomoni mwa mto.

Wiki iliyopita wafadhili wa pampu walikuja kuwasikiliza wakazi. Nyiraneza, mama anayelima kabichi bondeni, aliinuka akasema, "Wanangu wakioga humo wanatoka vipele."

Léonce akamjibu, "Mama, hesabu inasema maji ni safi. Labda sabuni yako ndiyo mbaya."

Ukumbi ukacheka. Nikamtazama Bertrand, naye anakunjakunja pembe ya karatasi. Basi nikasimama.

"Maji hayo yamechotwa juu ya bomba," nikasema. "Chini yake hatupimi tena."

"Nani aliamuru?" mgeni mmoja akauliza.

Nikamtaja Léonce, ameketi mbele yangu.

Wageni wakataka kwenda kuona. Hawakufika hata ukingoni, mmoja akatapika njiani. Pampu imesimamishwa, na Bertrand ameambiwa aanze hesabu upya kwa maji ya chini ya bomba. Kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini bomba linamwaga vilevile, Léonce bado yuko kwenye kiti chake, na mimi nimehamishiwa ofisi ya Kacyiru kupiga chapa.

Juzi alipita ofisini, akanisalimu kwa tabasamu kana kwamba hakuna kilichotokea, akaninyoshea mkono mbele ya watu wote. Sikuupokea. Mama anasema nimemtia aibu yeye mwenyewe kwa kukosa adabu. Wewe ndiye kaka yake, niambie unavyoona.

Nisalimie Bibi, Ngabo na Uwamahoro. Mungu awafunike kwa rehema zake, na kikombe mnachokunywa kisiwadhuru.

Mpwa wako akupendaye daima,
Liliane