Mkono Uliojificha Ndani ya Mashine

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako siitarajii, lakini mdomo umezoea, na mimi si mtu wa kuingia karakanani bila kusalimia.

Tangu tumalize khitma yako, kiti chako pale karakanani Rasbura hakuna aliyekikalia. Selemani mwanao huweka begi lake juu yake, nami huliondoa, basi tunashinda hivyo. Kompyuta bado inapiga kelele ikiwaka. Na akina mama wa Njinjo wamekuja kuagiza mashine ya kubangua korosho, ileile yako, ila korosho zao ni ndogo, wakataka ipunguzwe.

Nikasema, hilo tu? Si ulinifundisha mwenyewe: mchoro umeufunga kwa hesabu, ukibadilisha namba moja vipande vyote vinajipima upya. Nikaandika kipimo cha korosho ndogo, nikabonyeza, nikakunja mikono kama bosi. Mjomba, mashine ikasambaratika pale kwenye kioo, mbele ya macho yangu! Kisu kikapenya sahani, mpini ukaruka pembeni, na kinga, kile kibati cha mbele ya kisu, ikawa nyekundu na kugoma kabisa.

"Dada," Selemani akaniambia, "kama mchoro umekufa na mzee, tufunge tu karakana, nikatafute kazi Dar." Alisema polepole, bila ubaya. Hapo ndipo nilipolia. Siku ya mazishi sikulia kwa sababu watu walikuwa wengi. Nimekuja kulia mbele ya kompyuta.

Kesho yake nikaanza ulivyonizoesha: zima vipande vyote, washa kimoja kimoja, tazama nani anaanzisha ugomvi. Nikakutana tena na yale majina yako. Parafujo inayolegea kila mara umeiita Shemeji! Nikacheka peke yangu. Wote walikuwa wazima, hata Shemeji, mpaka nilipowasha kinga. Nikaifungua peke yake: nzima. Nikairudisha kwa wenzake: inaugua. Hasira zikanipanda, unazijua. Kidole kilikuwa tayari kuifuta, maana bila kinga mashine ilikaa vizuri tu, na akina mama wanasubiri.

Nikakumbuka neno lako: "Kinachogoma usikipige. Kwanza kiulize kinamlinda nani."

Nikafuata hesabu zake. Kinga hukuipima kutoka kwenye kisu, wala kwenye sahani. Uliipima kutoka kwenye kipande nisichowahi kukiona, umekificha, si cha chuma na hakiendi kwa mchomeleaji. Umekiita Mama. Nikakifichua.

Ni mkono. Mkono wa kulia, kidole cha mwisho kimepinda. Mkono wa bibi, mjomba! Bibi aliyekuwa akipaka majivu viganjani kabla ya kubangua, na bado mafuta ya maganda yakamla ngozi. Uleule niliokuwa nikiupuliza nikiwa mdogo. Umeuchora mpaka vifundo vyake vilivyovimba. Na kila kitu kimefungwa hapo: urefu wa mpini, kimo cha sahani, mahali pa kisu. Miaka yote nikidhani ulianza na korosho. Kumbe ulianza na mkono wa mama yako, ukauzungushia mashine.

Hapo nikaelewa. Korosho ikiwa ndogo, mkono husogea karibu na kisu. Nawe umeandika kwamba mkono ukifika hapo kinga igome, na vipande vyote vigome nayo. Mashine ilikuwa nzima muda wote, ikinikataza. Wewe uko kaburini, na bado unanishika mkono nisimkate mtu. Subhanallah, mjomba.

Sikuifuta. Nilirefusha kishikio cha korosho mpaka mkono ukarudi nyuma, nikabonyeza. Mpini ukarudi. Sahani ikakaa. Kisu kikapata mahali pake, na kinga ikafunga taratibu. Nikamwita Selemani. Akautazama ule mkono, akavua kofia. "Bibi huyu," akasema. Habari za Dar hajazitaja tena.

Mashine imeshafika Njinjo. Bi Somoe, mwenyekiti wao, aliketi, akapaka majivu kwa mazoea, akabangua hadi akachoka yeye. Kisha akavigeuza viganja vyake, akavitazama: havikuwa na hata doa la mafuta. "Mwanangu," akaniuliza, "huyo aliyeitengeneza alikuwa anatujua?"

Basi pumzika, mjomba. Mwenyezi Mungu akupe nafasi huko, upana ule uliotupimia sisi. Karakana haifungwi. Namba zote humo nitazibadilisha watakavyo wateja, ila mkono wa bibi sitaugusa, na sitauficha tena.

Mpwa wako,
Zaituni