Mfuko Ulioandikwa Krismasi

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nimeegemea mfuniko wa friza yako, ndiyo maana mwandiko unacheza. Inanguruma kama kawaida yake. Ufunguo naufunga kwenye ncha ya kitenge, pale pale ulipokuwa unaufunga wewe, na mwanao Deusi bado analalamika kwamba nyama ya nyumba hii inalindwa kuliko mume wangu, yaani yeye.

Tangu tukulaze nyuma ya migomba, mengi yamekwenda vizuri. Kahawa imezaa, maharage tumevuna. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakaa sawa, nacho kilikuwa humu ndani: mfuko wako wa senene, wale panzi wa msimu. Uliwanyonyoa mbawa na miguu mwenyewe na vidole vyako vimevimba, hutaki kusaidiwa, kisha ukabandika plasta na kuandika "Krismasi". Krismasi ilifika ukiwa umeshaondoka. Deusi akasema mfuko huo usiguswe. Mimi mkweo sikubisha, maana hata mimi sikutaka uishe.

Wiki iliyopita upepo uliangusha nguzo upande wa Nyaishozi, umeme ukakatika. Nilifanya ulivyonifundisha. Friza sikuifungua hata mara moja, nikaifunika mablanketi mawili. Deusi alitaka kuchungulia kila saa, nikauficha ufunguo. Umeme uliporudi siku ya pili jioni, nilianza na kikombe chako.

Kikombe hicho, Mama! Nilipoolewa kutoka Nyakatuntu nikakuta kikombe cha maji yaliyoganda, juu yake punje moja ya haragwe, nilidhani ni dawa. Niliogopa hata kuuliza. Mpaka siku ile niliyoacha nyama mezani tangu asubuhi, wageni wasije, jioni nikataka kuirudisha igande. Ulinishika mkono. "Barafu haiui vijidudu, mwanangu. Inavilaza tu." Nyama yote ikaenda shimo la taka na mimi nikalia kama mtoto. Ndipo ukanieleza kikombe: haragwe likibaki juu, humu hamkuyeyuka kitu. Likiwa chini, kuliyeyuka, hata kama ukirudi kutoka shamba unakuta kila kitu kimekuwa kigumu tena.

Safari hii haragwe lilikuwa chini, kwenye maji.

Nikaanza kuchambua. Samaki wa juu walikuwa wamelegea na wana uvuguvugu: shimoni. Deusi alifumba macho. Mapaja ya mbuzi chini kabisa yalikuwa bado na barafu ndani, hayo nikayarudisha, ingawa najua yatapoteza utamu kidogo. Na katikati ya mapaja, senene wako. Walikuwa baridi ya kuuma vidole, lakini hawakuwa na barafu hata chembe. Kwa sheria yako, kitu cha namna hiyo hakirudi kuganda. Kinakwenda motoni siku hiyo hiyo.

Deusi akasema, "Rudisha, Jovina." Nikamkumbusha sheria ya mama yake. Akaniangalia. "Wakiisha hao, nitabaki na nini cha mikono yake?"

Nakiri kwako, maana kwa nani mwingine nitakiri: mfuniko ulikuwa wazi, na mkono wangu wenye mfuko ulikuwa umeshaingia nusu. Hata mimi nilitaka. Wangeganda, wangeonekana kama zamani, tungefunga na kuendelea kukulilia. Halafu umeme ungekatika tena, na tena, nami nikaiona siku nitakayoubeba mfuko wako kwenda kuutupa shimoni pamoja na samaki. Hapo nikautoa mkono. Nikamwambia mwanao kwamba mama yake hakuwagandisha ili tuwatazame.

Niliwakaanga jioni hiyo. Sikutia mafuta, wenyewe wanayo, nikaweka chumvi na kitunguu mwishoni. Deusi alikaa jikoni muda wote, jambo ambalo unajua si kawaida yake. Alikula wa kwanza, akachukua mwingine. Wa pili, machozi. Akala wengi wengine, kisha akasema chumvi imezidi, kwa sauti ile ile aliyokuwa akikulalamikia wewe. Tulicheka, Mama. Tulicheka mpaka nikashindwa kushika sahani, kisha tukaimaliza.

Plasta aliibandua mwenyewe, polepole, ncha kwa ncha. Akaifuta, akaibandika upande wa ndani wa mfuniko. Sasa kila nikifungua nakutana na mwandiko wako unaosema Krismasi, hata mwezi uwe wowote.

Senene wakianguka msimu ujao nitawanyonyoa mimi. Deusi ameahidi kusaidia, tutaona. Nitaandika siku ya kuliwa juu ya mfuko, na siku hiyo wataliwa, nakuahidi, hata kama atakayekuwa amewanyonyoa ni mimi na sipo. Hakuna tena kitu cha mtu kitakachoozea humu kwa sababu tunampenda.

Pumzika, Mama. Kikombe nimekijaza maji mapya, yameshaganda, na haragwe liko juu.

Mkweo,
Jovina