Damu ya Kitovu

Maguu, Mbinga
14 Juni 2003

Mume wangu Stephano,

Tuko wazima kiasi. Kahawa imeanza kuiva, na mtoto wako wa kiume ananyonya mpaka anakoroma. Aurelia viungo vilimuuma tena wiki iliyopita.

Ila nina jambo, moyo hautulii. Nilipojifungua, daktari mgeni aliomba damu inayobaki kwenye kitovu, nikaweka sahihi bila kukuuliza. Alisema ina seli changa zinazoweza kuzaa seli za damu za kila aina. Watazikuza maabarani, wazijaribie dawa za selimundu kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Nikamfikiria Aurelia wetu.

Mama yako alipopewa kondo la nyuma akalizike migombani, aliona kitovu kimekuwa cheupe. "Mama Aurelia, nani amemkamua mjukuu wangu?" Nikageuka kumnyonyesha mtoto. Juzi mtoto akapata homa, naye akasema, "Damu yake inamwita huko ilikopelekwa."

Homa imeshuka, lakini niliogopa, nikamweleza yote. Nikangoja matusi. Alimpakata Aurelia, akawa anamkanda magoti kwa maji ya moto, kisha akauliza polepole, "Na hiyo dawa ikipatikana, itafika Maguu?"

Mume wangu, nilisahau kuuliza hilo. Daktari amerudi huko Dar uliko, na kisanduku chake cha barafu. Mtafute, umuulize. Mama anasubiri jibu, na mimi nasubiri kuliko yeye.

Wako anayekuombea,
Margareta