Stuli Yako Kwenye Foleni

Mpendwa Baba,

Sauti iliyobaki nami si ya nyundo yako, wala ya treni iliyokuwa ikitikisa kuta za chumba chetu pale Laini Saba. Ni ya miguu ya stuli ikikwaruza sakafu ya ofisi ya leseni. Mtu akiitwa dirishani, foleni nzima ilisogea, nawe ukaivuta stuli yako, krrr, kisha ukakaa tena na koti lako la kanisani.

Wewe peke yako, fundi seremala, ndiye uliyekwenda na kiti chako. "Fundi, hiyo stuli nayo ina leseni?" walikutania, ukacheka nao. Ukienda kunywa chai uliiacha ikushikie nafasi, na hakuna aliyeiruka. Wakati wa likizo nilifuatana nawe kukusomea Kiingereza cha fomu, nikamsikia karani akikwambia kila mara, "Mzee, mkubwa hajatia sahihi. Jaribu kesho." Bila leseni, askari wa jiji wangeweza kukibomoa kibanda chako siku yoyote. Ndiyo maana hukuacha kwenda.

Shuleni tulifundishwa neno urasimu. Mwalimu alisema ni utaratibu wa ofisi unaofuatwa hata pale unapozuia kazi yenyewe. Nilitunga sentensi nzuri, nikapata alama zote. Jioni nikakueleza, nikijivuna. Uliendelea kupiga randa, ukauliza, "Huyo Urasimu ni mtu?"

"Hapana, Baba. Ni utaratibu."

"Heri angekuwa mtu. Ningeenda kwake tuongee."

Tangu tukuzike kule Kitui sijaweza kulitumia neno hilo kwenye sentensi yoyote. Ni kifua kilichokuua, si ofisi. Najua. Lakini nakumbuka ulivyokuwa ukikohoa kwenye ile sakafu ya baridi, ukiziba mdomo kwa adabu ili usikose kusikia jina lako.

Baada ya matanga niliibeba stuli yako, nikaenda kuliendeleza ombi lako la leseni. Karani, yule yule, alisema bila kuinua macho, "Mwenyewe aje."

"Amefariki."

Akainua macho. "Pole, dada. Lakini ombi ni lake. Lazima aje mwenyewe aliondoe, ndio uanze lako." Aliponiona bado nimesimama, akaongeza, "Kaa hapo, nimuulize mkubwa."

Alisema kwa upole, Baba. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikaa. Foleni ikasogea, nikaivuta stuli, krrr, na nikajikuta nimeweka mikono magotini kama wewe, nikilitazama dirisha kama wewe.

Nikasimama, nikaibeba stuli. Mwanamke mmoja nyuma yangu akauliza, "We msichana, unaacha nafasi yako?" Nikamwambia aichukue.

Leo asubuhi nimekifungua kibanda chako bila leseni. Mama amepanga mlangoni viti ulivyoviacha, naye amekalia stuli yako, akingoja wateja. Akija askari, angalau atakuwa mtu. Nitaongea naye.

Pumzika, Baba.

Binti yako