Upande wa Kushoto wa Benchi

Rhotia,
12 Februari 1978

Kaka yangu mpendwa Bonifasi,

Pokea salamu za nyumbani, pamoja na baridi yetu na moshi wa jikoni kwa Mama. Sisi hatujambo. Mama bado ana kile kikohozi chake, ila nguvu za kutugombeza hazijapungua. Shemeji yako Inosenti na watoto wanakuamkia. Wewe je, joto la Tanga linakuacha ulale? Kidonda kimefunga kabisa? Barua zangu hukuzijibu, nami sikununa. Naandika tena.

Habari kubwa ni kwamba najifunza piano. Cheka umalize. Ni ileile ya kanisani aliyotuachia mzungu wa shamba la kahawa, uliyokuwa ukiipiga wewe kabla ya kwenda kwenye mkonge. Tangu uondoke ilifunikwa kitambaa, na kuku wa misheni akataga juu yake. Nilimwomba Sista Antonia anifundishe. Hilari, mwalimu wa kwaya, alisema mbele ya watu kwamba vidole vya mama wa watoto watano, vilivyozoea jembe, vimeshakauka. Nilimjibu kwamba hata sauti yake ilikauka zamani na bado tunamvumilia. Kwaya nzima ilicheka, lakini nilirudi nyumbani nimeudhika, nikaapa kumwonyesha.

Kaka, ni kazi. Unajua sisi tumekulia chini ya ng'ombe. Mkono wa kulia ukikamua, wa kushoto unangoja zamu yake. Na piano niliipiga vivyo hivyo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka Sista akaniuliza ndoo iko wapi. Kubonyeza kwa mikono yote pamoja kulinitoa machozi ya hasira. Nikachora vibonyezo kwa mkaa kwenye meza ya jikoni, nikawa nafanya mazoezi uji ukichemka, na Mama akadhani nimerukwa na akili. Hata zizini nilijaribu kukamua kwa mikono yote kwa mpigo mmoja, ng'ombe akaipiga ndoo teke. Sikuacha.

Sasa mkono wangu wa kulia unapiga wimbo wa Pasaka bila kukwama. Hilari amekubali nipige siku hiyo, ingawa kila mtu anajua kwamba wa kushoto umenishinda.

Ukweli nakuambia wewe. Haujanishinda. Tangu Noeli mikono yangu inakwenda pamoja. Anayejua ni Sista tu, naye nimemwomba anyamaze. Nimefanya hivyo kwa sababu najua kwa nini huji. Mashine ya mkonge ilipokukata mkono wa kulia uliandika mara moja tu, ukasema mpiga piano wa mkono mmoja ni kichekesho, heri ubaki mlinzi hukohuko.

Basi huo wa kushoto uliobaki ndio ninaoutaka. Nimeshaitangazia kwaya kwamba Pasaka piano itapigwa na watu wawili. Mama amesikia, ameanza kukufulia shuka. Mimi nitakaa upande wa kulia wa benchi. Usipokuja, sitaugusa upande wako. Nitapiga nusu ya wimbo, na kanisa lote lisikie mahali unapokosekana.

Nakupenda, na nimekukasirikia pia. Fika kabla ya Ijumaa Kuu tupate kufanya mazoezi.

Wote wanakusalimu, hata yule ng'ombe.

Mimi mdogo wako,
Germana Qamara