Neno la Mujane

Jumatatu, 2 Juni

Jumamosi natetea mémoire yangu ya kumaliza université mbele ya jury ya baprofesa! Neno moja tu la Kingereza: widow — mujane. Nalifuata nyuma mupaka kwenye linatoka. Kingereza cha zamani: widewe. Kilatini: vidua. India ya zamani: vidhava. Yote ni ndugu. Na mzizi wao, banasema, ni kutengwa, kuachwa mutupu.

Nililichagua papa akiwa muzima. Alicheka: unaniua tayari? Mwezi wa tatu akafa. Eh Mungu.

Mama angali na uzi mweusi wa bujane ku mukono. Bandugu ya papa njo balimufunga, bao tu njo banakata, siku ya kutosha matanga, kumaliza kilio. Mbele ya ile siku hawezi kwenda kucuruza, kuuzisha bintu Sakania ku mupaka. Na unga iko inaisha.

Jumatano, 4 Juni

Baba mudogo Gérard alikuya na bibi yake, Mama Wivine. Hata maji habakunywa! Mama Wivine anasema njo mimi niliita kifo: kuchimba neno la mujane baba angali anapumua! Na baba mudogo: niache ile mémoire. Kama hapana, uzi haukatwi.

Nilisema papa alikufa na ugonjwa ya moyo, docteur alituambia. Balinitazama kama mulozi aliyeroga papa.

Alhamisi, 5 Juni

Sikulala. Upuzi mutupu! Lakini kama ni kweli?

Ijumaa, 6 Juni

Mama aliomba nimusomee. Yeye mwenyewe! Alikuwa anachambua majani ya sombe. Kutengwa, kuachwa mutupu... alisikia yote mupaka mwisho. Akauliza: na mbele ya kuitwa mujane, ule mwanamuke alikuwa anaitwa nani?

Nilipindua makaratasi: jina hakuna. Bitabu byote hibi!

— Perpétue, alisema, jina lake mwenyewe. Andika.

Nililia sana.

Jumamosi, 7 Juni

Saa ine, jury. Mama amevaa kikwembe chake cha bluu, anakwenda nami. Na uzi? Ameweka mukasi juu ya meza, ananyoosha mukono.

— Kata weye.

Mutoto kukata! Kwetu ni mwiko. Batatunyanganya jina ya papa, batatufukuza mu nyumba. Naogopa. Naandika tu ili nipate pumzi.

Honi inje. Baba mudogo! Anapiga mulango: mujane ya yaya, ya mukubwa wangu, fungua!

Mama hageuki. Ameweka mukono wake wenye uzi hapa, juu ya mistari hii. Anasema: Syntiche, acha kuandika, kamata mukasi