Pikapu Niliyoiosha kwa Maji ya Chumvi

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Kibiti tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Umeuliza kama gari lako kuukuu lipigwe rangi juu ya kutu. Usikubali. Likwanguliwe kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, lioshwe kwa maji ya kisima, likauke, ndipo lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Nasema haya kwa aibu. Enzi za ruksa nilikuwa fundi rangi Nyamisati. Mzee Seif aliniletea pikapu yake ya kubebea samaki wa chumvi. Kukwangua nilikwangua, wallahi. Lakini kisima kilikuwa mbali, na mto ulikuwa hatua mbili tu, nami nikachota humo mtoni wakati maji ya bahari yamejaa na kupanda mtoni. Nikaosha chumvi kwa chumvi.

"Umeoshea maji ya kisima?" akauliza Mzee Seif alipokuja kuichukua.

"Ya kisima, mzee."

Ijumaa, nje ya msikiti, akanisifu mbele za watu. Masika hayajaisha, rangi ikatoka malengelenge na kutu ikachungulia. Mzee Seif akaja, nikajua leo naumbuka. Kumbe kaja kuniliwaza.

"Pole fundi, samaki wangu wamekuharibia kazi."

Nikaitikia, "Nimeshapoa, mzee."

Alifariki akiamini hivyo. Basi mwulize fundi wako maji ya kuoshea kayachota wapi, na akijibu mtazame machoni. Mimi Mzee Seif hakunitazama.

Babu yako,
Omari